Bi Perpetua Msabah, Fundi wa Kaniki za Bendi ya Radi

Jumatano, tarehe 9 Novemba, 1921, saa kumi na moja alfajiri, Perpetua Msabah alizaliwa Mbweni, mtoto wa tatu wa Mzee Gideon Msabah, mpishi, na mkewe Mama Tekla, na tarehe hii imehakikishwa katika daftari la ubatizo, kwa hiyo wanaomwongezea miaka miwili watusamehe. Alisoma shule ya wasichana ya misheni tangu Januari 1929 hadi Desemba 1935, akatoka akijua kushona, na tarehe 3 Juni, 1944, alifunga ndoa kanisani Mkunazini na Lawrence Duni, fundi seremala, wakajaliwa Barnaba mwaka 1948 na Salome mwaka 1951. Bwana Lawrence alifariki Septemba 1964, na tangu mwezi ule cherehani moja, ya kukanyaga kwa miguu, ndiyo iliyowalisha na kuwavisha watoto hao wawili, na ikamfikisha Salome Chuo Kikuu.

Mwaka 1970 Barnaba alianzisha bendi ya Radi pamoja na Himid, mpiga gitaa, na Ame, mpiga ngoma wa Mkokotoni, wakafanya mazoezi chumba cha chini cha nyumba ya marehemu Bi Perpetua. Baharia mmoja alimpa Himid santuri ya vijana wa Kiingereza, wenye ule muziki mzito ambao huko Ulaya ndio kwanza ulikuwa ukiitwa wa vyuma, wakaisikiliza mpaka ikakwaruzika, lakini gitaa lao likazidi kulia kama la arusini. Tarehe 21 Februari, 1971, karatasi ya spika ilipasuka, marehemu akaishona kwa uzi mnene na kiraka cha kaniki, na kwa kuwa hakuwahi kushona spika, kiraka akakiacha kimelegea. Himid alipogusa waya wa gitaa, chumba kizima kilinguruma.

"Mama, umetuharibia!" alilia Barnaba.

"Nyamaza wewe," alisema Himid, "ndiyo sauti hiyohiyo ya kwenye santuri!"

Kabla ya mwaka kwisha, bendi za mitaa ya Ng'ambo zilikuwa zikipasua spika nzima kwa wembe na kumletea marehemu azitie mshono wa Radi.

Kisha vijana wakataka na mavazi ya kwenye jalada la santuri, meusi toka shingoni hadi miguuni, na siku zile za foleni madukani hapakuwa na kitambaa cheusi ila kaniki, nguo ya kulimia ya kina mama wa shamba, akawakatia mashati na suruali za hiyo hiyo. Kaniki ilichuja kwa jasho, wanamuziki wakashuka jukwaani na shingo nyeusi, na mashabiki kutoka Vuga hadi Mkokotoni, wakidhani shingo nayo ni mtindo, wengine wakajipaka masizi.

Oktoba 1972 miguu yake ilianza kuvimba, ikaonekana ni figo, na baada ya kulazwa mara tatu, alifariki Jumapili, tarehe 18 Machi, 1973, saa tisa na dakika kumi alasiri. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani waliomletea uji kwa zamu, hata mwezi wa Ramadhani, nao wenyewe wamefunga.

Marehemu aliagiza historia yake isiishie wodini, nasi tunamtii. Alhamisi, tarehe 6 Julai, 1972, kamati iliyokuwa ikikagua mavazi, chini ya Bwana Muhiddin, ilichukua cherehani yake kwa kosa la kushona nguo za kibeberu, na kwa siku nne nyumba ile haikujua itakula nini cherehani isiporudi. Jumatatu, tarehe 10, aliitwa mbele ya kamati, watu wakajaa hadi ngazini.

Bwana Muhiddin aliinua shati. "Bi Perpetua, hizi si za kwetu. Nguo za kibeberu hizi."

"Naam, Bwana Mwenyekiti. Na kitambaa chenyewe chaitwaje?"

"Kaniki."

"Na hao mabeberu, huivaa wakilima mpunga wapi?"

Watu walicheka, Bwana Muhiddin akagonga meza, akasema kaniki mahali pake ni shamba, mjini ni uhuni. Hapo mama mzazi wa Bwana Muhiddin, Bi Kidawa, aliyefika asubuhi ile kutoka Makunduchi na kaniki yake mwilini, alisimama.

"Mie niko mjini, mwanangu. Basi n'vue?"

Kila mtu alijua kwamba mama akimvulia mwanawe nguo ni laana. Bwana Muhiddin aliinama, akamwomba mama yake radhi mbele ya watu wote, na jioni cherehani ikarudishwa, kwa sharti kwamba marehemu ashonee ndani, asionekane.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne, saa moja na nusu, Bi Perpetua aliiburura cherehani mwenyewe hadi barazani, mahali ambapo hakuwahi kushonea, akatunga uzi mweusi, akaanza kukanyaga.

Mama, miguu hiyo na ipumzike sasa kwa amani.