Mzee Koki na Dhamana Iliyokataza Salamu

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi, mtoto wa mdogo wake, jukumu la kuwasomea maisha ya Baba Mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Koki, kwa kuwa hakuweza kulipita bomba linalovuja bila kulifunga, hata akiwa mgeni harusini na suti yake mpya.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa mwashi, akaanza shule ya msingi mwaka 1954, akaendelea na sekondari ya bweni, na mwaka 1967 akahitimu chuo cha ufundi. Mwaka huohuo aliajiriwa idara ya maji, akaanzia mitaroni, akapanda hadi kuwa meneja wa mitambo, akastaafu mwaka 2006, kisha akaitwa tena kuongoza kamati ya zabuni hadi mwaka 2018. Tarehe 5 Agosti 1972 alifunga ndoa na Mama Mkubwa, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Mwaka 1984 alimpokea kazini kijana mmoja, fundi wa pampu, akamfundisha kazi, akamsimamia harusi yake, na tangu hapo kila Jumamosi walikunywa chai barazani wakibishana kuhusu mpira, ubishi ambao Mama Mkubwa anasema haukuwahi kupata mshindi.

Tarehe 6 Februari 2023 marehemu alikamatwa kwa tuhuma za rushwa, kuhusu pampu zilizolipiwa lakini hazikufika, sahihi yake ikiwa kwenye idhini ya malipo. Hatukuja hapa kumsafisha wala kumhukumu, yeye mwenyewe alitaka jambo moja tu, kuifikia siku ya kusimama mahakamani na kujieleza. Fundi wa pampu, kwa kuwa aliwaambia wapelelezi ukweli kwamba pampu hizo hakuziona, akawa shahidi wa upande wa mashtaka.

Siku ya maombi ya dhamana wakili wetu alijiandaa kueleza umri wa marehemu na moyo wake uliochoka, lakini asubuhi hiyo, kwenye korido ya mahakama, fundi alipomwona mzee wake anapanda ngazi huku akihema, aliinuka, akainama, akampa shikamoo na kumpokea mkoba, naye marehemu akaitikia marahaba na kumshika bega, mwendesha mashtaka akiwa papo hapo anatazama. Ndani, mwendesha mashtaka huyo akamwambia hakimu kwamba shahidi anayembebea mshtakiwa mkoba hawezi kuwa huru kusema, na hakimu akaamua kwamba uzee ni jambo la kuzingatiwa lakini peke yake hautoshi, mashahidi lazima walindwe, dhamana ikakataliwa. Fundi alilia mbele ya Mama Mkubwa, akasema afadhali angegeuza uso, naye akamjibu kwamba utovu wa adabu hawezi kujifunza leo, ameshachelewa.

Akiwa mahabusu miguu ilivimba na pumzi ikawa ya shida, ripoti ya daktari ikapelekwa mahakamani, na tarehe 19 Juni akapewa dhamana, kwa wadhamini wawili, kusalimisha pasipoti, na kutozungumza wala kukaribiana na shahidi yeyote. Jumamosi ya kwanza fundi alifika getini, akasema anataka kumjulia hali tu, Mama Mkubwa akamwambia, mwanangu, ukiingia watamrudisha ndani. Marehemu aliyaona yote dirishani, hakupunga hata mkono, akajifungia chumbani, na jioni hiyo hakula.

Alifariki tarehe 2 Septemba 2023, alfajiri, hospitalini, kesi ikiwa bado haijaanza kusikilizwa. Wakili ametueleza kwamba sasa itafutwa, hivyo siku aliyoingoja haikufika, na hilo linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi msibani, wadhamini wake wawili, na ninyi wenzake wa idara ya maji.

Fundi, tumekuona umesimama kule nyuma kabisa, mbali na jeneza. Masharti yamekwisha, sogea, uwe wa kwanza kumuaga, msalimie upendavyo, hakuna atakayekuzuia, ila utuwie radhi, wa kuitikia marahaba ndiye tunayemzika.

Baba Mkubwa, pumzika kwa amani.