Mwalimu Pauline Nzilani na Ukurasa wa Mtu Aliyemtukana

Mwalimu Pauline Nzilani Mwandawiro alizaliwa Mbololo tarehe 14 Septemba 1959, kifungua mimba wa Mzee Kituku na Mama Kavinya, waliohamia huku kutoka Ukambani wakalima mahindi na pojo. Tarehe hiyo tumeitoa kwenye kadi yake ya ubatizo. Mama alishikilia kuwa ilikuwa Agosti, lakini marehemu aliamua kadi ishinde, na nyumbani kwetu akishaamua, mjadala umeisha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mbololo, akaendelea na sekondari mjini Voi, na mwaka 1980 akahitimu chuo cha ualimu. Alifundisha Kiswahili na historia kwa miaka thelathini na tisa, kwanza Mwatate halafu Voi, hadi alipostaafu mwaka 2019. Wengi mlioketi hapa mnalijua swali lake: "Nani amesema, na umesoma wapi?" Aliyejibu kwamba watu wanasema, alibaki amesimama mpaka kengele ilie.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Bw. Thadeus Mwandawiro, karani wa reli katika stesheni ya Voi. Walipokuwa wachumba, Thadeus alimwandikia barua akilalamika kwamba alimngoja sokoni Mwatate siku nzima. Barua ilimrudia ikiwa na wino mwekundu pembeni: "Mama wa duka amesema ulifika saa nane." Bw. Thadeus anayo hadi leo.

Baada ya kustaafu, binti yake Mable alimfundisha kompyuta, na Mwalimu akaanza kuandika kwa kujitolea katika ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza habari au kufuta. Aliandika juu ya vilima vyetu, mashamba ya mkonge na reli. Lakini kilichotuacha midomo wazi ni ukurasa wa Bw. Mulei Nzomo, mzaliwa wa Voi na mchambuzi wa siasa mnayemsikia redioni. Tuseme wazi: wakati wa mgomo wa walimu wa mwaka 2015, Bw. Mulei alimtaja Mwalimu hewani kwa jina, akasema anapenda mgomo kwa sababu kufundisha kumemshinda. Wanafunzi wake walisikia. Wiki ile Mwalimu hakula vizuri.

Mwaka 2021, kwenye ukurasa wa Bw. Mulei ikatokea sentensi iliyosema kwamba shahada yake ni ya kughushi. Hapakuwa na gazeti, kesi wala barua ya chuo kikuu iliyosema hivyo. Mwalimu akaifuta. Ikarudi, akaifuta tena. Nyumbani tulimkalia kikao.

"Dada, si uiache tu? Huyo jamaa alikumaliza," mdogo wake Kiilu alimwambia.

"Alinikosea, ndiyo. Lakini hii sijaiona popote. Mtu akiisoma hapa ataamini."

Na yale maneno ya mgomo, ambayo magazeti yaliyaandika? Hayo alikataa kuyaweka wala kuyatoa. Aliwaandikia wahariri wenzake kwamba yeye ndiye aliyetukanwa, hivyo waamue wao. Waliamua mstari mmoja unatosha, bila jina lake, naye akakubali.

Kwa miaka minne aliifuta sentensi ile mara thelathini na moja. Historia ya ukurasa inaonyesha kila siku na kila saa. Sisi wa familia yake tumeisoma orodha hiyo wiki hii. Hatujui moyo wa namna hiyo aliupata wapi, maana sisi hatukupewa.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Mombasa, akienda na kurudi kwa treni pamoja na Mable, na mapema mwezi huu alilazwa hapa Voi. Jumapili tarehe 9 Machi 2025, mchana, aliomba simu ya Mable akaifuta ile sentensi kwa mara ya mwisho. Kisha akamgeukia Kiilu aliyekuwa ameketi kando ya kitanda.

"Kiilu, nikienda, hiyo yako nani atakuwa anaifuta?"

Akaomba uji, na Kiilu akamshikia kikombe. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano.

Mwalimu ameacha mume, Bw. Thadeus, watoto wawili, Mable na Vincent, wajukuu wanne, na mdogo wake Kiilu, anayewasomea wasifu huu, ambaye ndiye aliyeitunga sentensi ile na kuirudisha kila mara, akijua fika ni dada yake anayeifuta.

Bw. Mulei, umeacha kazi zako ukaja kumzika. Habari ya shahada yako niliitoa kwenye hasira yangu, sikuitoa mahali pengine popote. Nakuomba radhi mbele ya jeneza lake na mbele ya watu hawa wote.

Dada, sijairudisha. Pumzika kwa amani.