Mwalimu Wilfred Ormerod na Nta Isiyokuwapo

Ndugu, majirani na wote mliofika, marehemu Mwalimu Wilfred Ormerod alizaliwa tarehe 19 Julai 1930 mjini Clitheroe, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa pekee wa mzee Amos, mfumaji wa kiwandani, na Bi. Hilda, akasoma hapo hapo kwa ufadhili, na mwaka 1951 akahitimu Kilatini katika Chuo Kikuu cha Durham, wa kwanza katika ukoo wake kuvaa joho.

Septemba 1953 aliajiriwa kufundisha Kilatini katika shule moja ya sekondari mjini Skipton, akadumu hapo miaka thelathini na minane, na tarehe 6 Agosti 1955 alifunga ndoa na Bi. Hester Pickles, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja, Muriel, anayewasomea historia hii kama alivyoagizwa na baba yake, bila kuruka kitu.

Somo alilolipenda marehemu lilikuwa asili ya neno "sincere", ambalo Waingereza hulitia mwishoni mwa barua kuonyesha unyoofu wa moyo, naye alisema limetokana na maneno mawili ya Kilatini, "sine cera", yaani bila nta, kwa kuwa wachongaji walaghai wa Roma waliziba nyufa za marumaru kwa nta. Jumanne, tarehe 9 Februari 1971, Doreen Sugden, mwenye miaka kumi na minne, binti wa mfagiaji wa shule, alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu, kamusi ya maktaba inasema hiyo nta ni hadithi tu. Neno lenyewe ni 'sincerus', kitu safi, kisichochanganywa."

"Kumbe! Mama yako kufagia maktaba ndiko kulikokufanya wewe profesa?"

Darasa likaangua kicheko, na Muriel, aliyeketi dawati la mbele, alicheka kuliko wote, wala hajawahi kumwomba Doreen radhi mpaka hivi sasa, anapomwomba mbele yenu.

Alhamisi ya wiki hiyo marehemu aliifungua kamusi ile, akakuta Doreen amesema kweli, akaifunga, na kila mwaka hadi alipostaafu Julai 1991 akaendelea kufundisha nta, maana kuiacha kungekuwa kukiri. Doreen aliacha Kilatini wiki ile ile, na alipotimiza miaka kumi na sita akaacha shule, akaenda kufunga biskuti kiwandani.

Novemba 2016 mapafu yalianza kumsumbua marehemu, akamwandikia Doreen barua ya kukiri kosa, naye tarehe 3 Machi 2017 akaja hospitalini alikolazwa marehemu, akaketi bila kuvua koti.

"Mimi nilijua niko sawa, mwalimu, hilo halikuninyima usingizi. Ila mama alikuwa anadeki korido. Alisikia. Tulipofika nyumbani akaniambia, 'Usinyooshe tena mkono, mwanangu.'"

Marehemu hakuwa amelijua hilo, akageukia ukutani, akalia, na Bi. Doreen akakaa naye mpaka chai ilipoletwa, kisha akaondoka, bila kusema kwamba amesamehe.

Marehemu alifariki tarehe 12 Machi 2017, akiwa na miaka themanini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki nzima, walimu wenzake waliobeba jeneza, na Bi. Doreen, aliyeketi safu ya nyuma, ambaye hatumwombi aseme lolote leo.

Pumzika, Baba, kwa amani utakayojaliwa.