Nahodha Leonidasi na Watu wa Ufukweni

Ndugu waombolezaji, mimi Kipriani, mdogo wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Leonidasi Ndihokubwayo, aliyezaliwa Munanila tarehe 3 Machi 1921, mtoto wa milimani asiyejua kuogelea, na mpaka anakufa hakujua, jambo tulilomtania miaka yote.

Alisoma shule ya misheni hapa Kasulu mpaka darasa la nne, mwaka 1938 akashuka Kigoma kubeba mizigo bandarini, akawa baharia, na mwaka 1957 akakabidhiwa unahodha wa chombo cha mizigo cha mfanyabiashara mmoja. Tarehe 12 Julai 1947 alifunga ndoa na shemeji yetu Immakulata, wakajaliwa watoto watano, watatu wako hai.

Mwezi Mei 1972, watu walipokuwa wakikimbia mauaji Burundi, kaka alijaza chombo kwenye ufukwe wa kule, akawaambia kina mama na watoto waliokosa nafasi kwamba anarudi kuwachukua, na alipokwisha kuwashusha wa kwanza akageuza, lakini mabaharia wake, wakiongozwa na Ildefonsi, msaidizi ambaye kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, walikataa kuzirudia risasi, wakamnyang'anya usukani katikati ya ziwa, wakamshusha kwenye mtumbwi na kasia moja, wakamwambia aliyeahidi ni yeye, basi aende yeye. Akaenda. Alipofika alikuta mikeka na sufuria, watu hakuwakuta.

Ildefonsi simlaumu sana, naye alikuwa na watoto, ila mwenye chombo alimpa unahodha wiki ile ile, kaka yangu akaambiwa hana kazi tena, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka 1973 alirudi Kasulu kulima mahindi na maharage, lakini kila alipopata nauli alikwenda Kibondo, akaenda Mabamba, akaenda kila kijiji kilichopokea wakimbizi, kuuliza kama yupo hata mmoja aliyekuwa ufukweni siku ile, nasi tukamwambia yaliyopita si ndwele, akatujibu kwamba watu wale hawajapita, wanamngoja. Hakumpata hata mmoja.

Novemba 1977 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni moyo, wakamkataza safari, akasafiri, na tarehe 9 Agosti 1978 akaanguka kituo cha mabasi Kibondo, akalazwa, akafariki alfajiri ya tarehe 14.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibondo, majirani waliochimba kaburi, na mabaharia wenzake waliotuma rambirambi, nayo tumeipokea.

Marehemu aliniagiza nisimalize kabla ya kuuliza, nami nimesita kwa sababu jibu nalijua: ndugu zetu mliotoka Burundi, kama yupo kati yenu aliyeachwa ufukweni siku ile akingoja chombo, tafadhali anyooshe mkono.

Basi. Sioni mkono. Pumzika kwa amani, kaka, tumekuulizia.