Muuguzi wa Chanjo na Dozi Alizozikataa

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, familia inaomba masikio yenu, maana marehemu hakuwa mtu wa kutulia, na historia yake nayo haitulii.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshonaji, na kabla hajajua kusoma alishapewa jina la Kiguu na Njia, kwa kuwa akitumwa chumvi alirudi na habari za mtaa mzima, chumvi ameisahau. Alisoma shule ya msingi papo hapo mtaani, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha uuguzi alikohitimu Novemba 1978, akapangiwa kliniki ya watoto, akawachoma wachanga chanjo ya kifua kikuu mpaka alipostaafu mwaka 2016, na baadhi yenu mlioketi hapa mna alama ya mkono wake.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na fundi redio, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti na mvulana.

Juni 2019 aliona damu kwenye mkojo, akakaa nayo kimya hadi binti yake alipoigundua na kumkokota hospitali, ambako vipimo vilionyesha saratani ya kibofu. Baada ya uvimbe kukwanguliwa, daktari alimweleza kwamba atawekewa kibofuni, kwa mpira, vijidudu vilivyodhoofishwa vya chanjo ileile ya kifua kikuu, kwa dozi kubwa zaidi, ili kinga ya mwili iamke na kuishambulia saratani. Mama alimkodolea macho, akasema, "Daktari, dawa niliyowachoma watoto mtaa mzima ndiyo unaniletea uzeeni, tena kwa mlango wa uani?" Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Kila wiki mama alilala akijigeuza ubavu huu na huu ili dawa ienee kibofuni, mkojo umembana, akiwasumbua wauguzi kwa kuuliza saa, jioni homa ikimpanda, lakini saratani ikanywea.

Mwaka 2021, akiwa bado anawekewa dozi za kuizuia saratani isirudi, dawa ile ikaadimika, zamu yake ikapita. Mwanawe wa kiume akaja na wazo, kwamba chupa za chanjo ya watoto kule kliniki zipo, zikikusanywa nyingi huenda zikatosha, na mtu wa stoo yuko tayari kufumba macho. Mama, aliyekuwa akizunguka sebuleni tangu asubuhi, akasimama.

"Chupa moja ni watoto ishirini. Mama zao nitawatazamaje?"

"Na sisi je, si watoto wako?" binti akamuuliza huku analia.

Mama alivaa viatu akatoka. Tusidanganyane, alitaka kuishi, alimpigia daktari simu kila kukicha kuuliza kama dawa imefika.

Ilipofika, saratani ilikuwa imeshapenya ukuta wa kibofu, akafanyiwa upasuaji mkubwa, akapata muda wa kuwazungukia wagonjwa wenzake na kuwagombeza wanaoficha damu, hadi alipofariki wodini tarehe 17 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Kama zile chupa zingemwokoa, daktari mwenyewe hasemi ndiyo wala hapana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopokezana kumpikia, na wenzake wa kliniki waliofunga milango leo ili wawe hapa.

Mama, binti yako bado anakubishia, na kaka yake hapati usingizi, lakini ubishi huo tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.