Muzee Katsuva na Mashine Namba Kumi na Saba

Nadai jambo moja, na nitalitetea: Muzee Baudouin Katsuva, anayestaafu tarehe 31 Julai baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, hakuiharibu mashine namba kumi na saba. Kwa hiyo barua ya onyo iliyomo katika faili lake, inayomnyima cheti cha utumishi mwema, haina haki ya kubaki humo.

Alianza na jenereta za ghala letu la barafu kule Tchomia, ambako wachuuzi wa samaki walitambua kwa mlio tu kama yeye ndiye aliye zamu. Miaka mitatu iliyopita alihamishiwa Bunia kuzitunza mashine arobaini za kuchimba sarafu za kidijitali. Majirani zake wa mtaa wa Ngezi, waliozoea wachimba dhahabu, walimwuliza shimo liko wapi, na mbona viatu vyake havina tope. Aliwajibu kwamba shimo hilo humeza umeme tu, na udongo halirudishi.

Mwezi wa Januari, vumbi jekundu likiwa limetufunika sote, namba kumi na saba ilizimika. Ikiwashwa, ilinguruma dakika sita, kisha kimya. Kesho yake uongozi ulikuwa umekwisha kuandika: uzembe wa fundi. Yeye hakubishana; mabishano ni kazi yangu. Alibadili soketi, akaazima waya wa mashine jirani, kisha kisanduku chake cha umeme, kimoja kimoja, akiketi juu ya ndoo kila baada ya hatua, kwa maana magoti yake yamechoka. Siku ya tatu aliweka kiganja nyuma ya mashine. Hapakuwa na upepo.

"Enjenia," aliniambia, "hii mashini haiko mugonjwa. Muliifunga pua."

Ndani ya wavu wa feni kilikuwamo kitambaa cha kuzuia vumbi, tulichokijaribu kwanza kwa mashine hiyo. Hewa ya kupoza haikuingia, nayo mashine ikajizima ili isiungue. Alikitoa, akapuliza vumbi, ikawaka. Inafanya kazi mpaka leo. Kitambaa hicho nilikipendekeza mimi, mwenye digrii, na uongozi ukakiidhinisha kwa saini. Nimeyaandika haya mara tatu tangu Februari. Sijajibiwa, nami nimechoka.

Asante, Muzee, kwa subira uliyotufundisha bila ubao wala chaki. Magoti yapumzike, na asubuhi zako ziwe tulivu.

Kwa uongozi, sitaki jibu la faragha. Siku ya kuagana, mbele yake na mbele ya wafanyakazi wote, semeni kama barua hiyo inatoka au inabaki. Na ikibaki, iandikwe upya kwa jina langu.

Guelord