Pembe ya Kushoto ya Kulabu

Mbele ya duka la vyambo na misumari, pale Salmela, kuna benchi refu la mbao ambalo rangi yake imemalizwa zaidi na makalio kuliko na theluji. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Barabara ilishakauka, ila msituni theluji bado ilijibanza chini ya mierezi, na benchi lilijaa. Alikuwepo Arvo, wanayemwita Ramani, maana hata msalani haendi bila karatasi mkononi. Alikuwepo Sulo, yaani Pua, anayedai kunusa kulungu akiwa maili mbili, na ambaye mkewe anasema hanusi hata maziwa yaliyoganda. Alikuwepo Onni, yaani Kamera, aliyefunga kamera kumi na moja kwenye miti, na katika picha mia nne alizopata, mia tatu ni za kindi. Na mwisho wa benchi, Taimi Kangas, mjane wa miaka sabini na miwili, mwenye chupa ya kahawa na mkate wa iliki. Kwa sababu ya hivyo viwili, hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze.

Kulungu dume huangusha pembe zake kila mwisho wa baridi, na mwenye macho huziokota. Marehemu Uuno, mume wa Taimi, alipochoshwa na ugomvi wa kambi yao ya uwindaji aliweka sheria: atakayeleta kwenye benchi hili pembe ya dume mkubwa kuliko wote kabla Aprili haijaisha, na akataja alipoiokota, ndiye atakayechagua wa kwanza pa kuvizia msimu wa Novemba. Mwaka huu dume mwenyewe alikuwa Kulabu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ncha moja ya pembe yake ya kushoto imepinda chini kama kulabu ya kutundikia koti.

Kwa miaka thelathini na sita Taimi alikwenda kambini kila Novemba, na alichovizia ni viazi visiungue. Mwaka huu alitaka kuwinda. Pembe ya kushoto ya Kulabu ilikuwa kikapuni, chini ya mkate, imefungwa kwa aproni. Angeweza kuitoa saa moja iliyopita, lakini alitaka kwanza kuwasikia. Raha ya namna hiyo mtu haikimbilii.

— Maili tisini na nne, alisema Arvo akigonga ramani. Nimehesabu. Kila mteremko unaotazama jua nimeupita. Huyo mnyama pembe hajaangusha, nawaambieni. Bado anazo.

— Aprili hii? Acha kamba, mzee, alisema Onni. Kaangusha. Tatizo anazijua kamera zangu. Nina picha ya nyayo zake. Zinaonyesha anatoka bwawani, kumbe anaingia.

— Maana yake nini?

— Anatembea kinyumenyume.

Sulo alicheka hadi kahawa ikamwagikia buti.

— Kinyumenyume! Shemeji yako umemsikia, Taimi?

— Nimemsikia, alisema Taimi. Nimemsikia tangu siku naolewa na kaka yake. Kunywa.

— Sasa sikilizeni ukweli, alisema Sulo, akiinua pua kidogo. Januari harufu yake ilikuwa inatoka ziwani. Barafu ilikuwa nene, sivyo? Basi alivuka hadi katikati, akatingisha kichwa, pembe zikaanguka juu ya barafu. Barafu imeyeyuka. Sasa pembe ziko chini na samaki.

— Kwa nini aende katikati ya ziwa?

— Ili tusizipate.

— Hapo umesema, alisema Arvo, akiikunjua ramani upya, na Taimi akajua jambo linakuja. Hapo umesema kweli, ila si ziwani. Reli! Reli ya treni ya kubeba mbao inapita hapa, mnaona? Behewa linasimama usiku kucha. Anapanda, anaangusha, anashuka. Asubuhi pembe iko jimbo la pili.

— Bila tiketi, alisema Taimi.

— Cheka tu, bibi wewe. Umri wake ule, miaka saba, unadhani kafikaje bila akili?

— Kwa kutafutwa na ninyi.

Wakacheka wote, hata Arvo. Wakati huohuo mlango wa duka ulifunguka, akatoka Mchungaji Renfro, mgeni kutoka kusini, amebeba buti mpya ambazo bado zina lebo. Kanisa lilikuwa limempata Februari, na kambi ilikuwa imemwalika kwa msimu wa Novemba ijayo. Walimsogezea nafasi. Taimi alimkatia mkate, na alipoinua mkate kikapuni, akainua na ile aproni. Aliifungua magotini pake bila haraka, kama mtu anayemfungua mtoto nepi.

Ncha iliyopinda ilitazama chini.

Onni aliigusa, akaitazama simu yake yenye picha ya zamani ya Kulabu, akaigusa tena.

— Ndiye, alisema kwa sauti ndogo.

— Sheria ni ya wawindaji, alisema Arvo haraka.

Taimi alichomoa leseni ya mwaka huu mfukoni mwa koti, akaiweka juu ya ramani, palepale kwenye reli.

— Nilimpiga kulungu wangu wa kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, kabla sijaolewa na sufuria. Una neno lingine?

— Taja mahali, alisema Sulo. Sheria inasema utaje.

— Nyuma ya jiko la kambi. Hatua kumi na moja kutoka mlangoni.

— Kambini kwetu?

— Tangu Februari mnakuja kila Jumamosi kutafuta pembe, na mimi nawapikia supu. Maganda ya viazi na karoti nayatupa wapi? Mlikuwa mnatoka kwa mlango wa mbele na ramani zenu, yeye anakuja mlango wa nyuma kula. Kalala hapo wiki zote hizo. Kanenepa kuliko Onni.

Onni ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akijipiga paja, akasema marehemu kaka yake angelipa ng'ombe mzima kuiona siku hii, na wengine wakashindwa kujizuia.

— Haya, shemeji, chagua. Unataka mwerezi wa mlimani? Ndio mzuri.

— Mwerezini kaa mwenyewe. Nachagua ngazi ya mlango wa nyuma wa jikoni.

Sulo alipiga makofi.

— Safi! Basi unavizia huku unatupikia!

— Arvo, alisema Taimi, ile sheria uliyoipigilia mlangoni mwaka ule Onni alipochoma soseji chini ya mti wako, hebu isome.

Arvo aliijua kwa moyo, na alianza kuikariri kwa fahari.

— Ndani ya hatua mia mbili za mahali pa mtu, moto hauwashwi, sufuria haigongwi, usiku wala mchana, mpaka mwenye mahali ampate mnyama…

Fahari iliisha kabla ya sentensi.

— Na moto wa sauna, tunapoogea mvuke tupate joto? aliuliza Onni.

— Iko hatua arobaini, alisema Taimi.

— Taimi! Novemba! Bila sauna!

— Mimi nina soksi, alisema Taimi.

Mchungaji Renfro alimeza mkate wake, akafuta vidole, akawatazama mmoja mmoja kwa adabu.

— Mnisamehe, mimi mgeni. Sasa huko kambini tutakula nini?

Arvo alikunja ramani. Sulo aliitazama barabara, ambayo haikuwa na gari hata moja. Taimi alitikisa chupa, akaona kahawa imebaki ya kikombe kimoja, akajimiminia.